Shule za Mkataba Marekani: Ubora Uko kwa Anayekagua

Novemba 2016, siku ileile Wamarekani walipomchagua Donald Trump, wapiga kura wa jimbo la Massachusetts walikuta swali jingine kwenye karatasi zao: je, jimbo liruhusu hadi shule mpya 12 za mkataba kila mwaka? Shule za aina hiyo zilizokuwapo Boston zilikuwa na rekodi ngumu kuipinga. Watoto wa familia za kipato cha chini, wengi wao weusi na Walatino, walikuwa wakipanda katika hisabati haraka kuliko wenzao wa shule za kawaida. Hata hivyo, asilimia 62 ya wapiga kura walisema hapana.

Anayedhani mjadala huu ni wa alama za mtihani peke yake atashindwa kuelewa kura hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 Wamarekani wamebishana kuhusu shule za mkataba na shule za umma za kawaida, na kila upande una ushahidi mkononi. Anayezisifu huelekeza kidole Boston. Anayezilaani huelekeza Ohio. Wote wawili wanasema kweli. Ukiweka ushahidi wao pamoja, unaona kwamba pengo kubwa haliko kati ya aina mbili za shule. Liko kati ya majimbo yanayosimamia mikataba yaliyoitoa na majimbo yanayoitoa kisha yakageuzia uso pembeni. Na hata pale usimamizi ulipo imara, kuna gharama ambazo shule yenyewe hailipi.

Shule ya umma yenye mwendeshaji wake

Shule ya mkataba hulipiwa na kodi ya wananchi. Haitozi ada, haifundishi dini, na kwa kawaida hairuhusiwi kuchagua watoto kwa mtihani wa kuingia. Ila haiko chini ya ofisi ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake, mara nyingi ya asasi isiyo ya kibiashara, na inafanya kazi kwa mkataba wa miaka kadhaa. Massachusetts ni mitano. Mkataba unaipa uhuru wa kuajiri na kufukuza walimu, kupanga ratiba na kuchagua namna ya kufundisha. Kwa upande wake, shule inaahidi matokeo, na isipoyatimiza mkataba unaweza kufutwa na milango kufungwa. Msomaji wa Tanzania anaweza kufikiria hospitali teule ya wilaya: kanisa linaendesha, serikali inachangia fedha, na mgonjwa wa dini yoyote anapokelewa. Tofauti ni kwamba shule ya mkataba haijazi pengo mahali pasipo na huduma. Mara nyingi inagombea watoto na shule ya wilaya iliyo mtaa wa pili.

Wazo lenyewe halikutoka kwa wafanyabiashara. Ray Budde, profesa wa elimu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alilianzisha kama njia ya kuwapa walimu madaraka zaidi. Mwaka 1988 lilibebwa na Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers. Shanker aliwaza vikundi vya walimu vikipewa ruhusa ya kujaribu mbinu mpya, kisha zilizofanikiwa zirudishwe katika shule zote. Minnesota ilipitisha sheria ya kwanza mwaka 1991, na mwaka uliofuata City Academy ikafunguliwa mjini St. Paul. Lakini wazo likachukuliwa na watu wenye malengo mengine. Wapo waliotaka ushindani wa soko, wapo waliotaka kukwepa vyama vya walimu, na wapo waliochoka kusubiri shule za mijini zibadilike. Kabla ya kufariki, Shanker mwenyewe alikuwa amegeuka kuwa mkosoaji.

Leo shule hizi zinakaribia 8,000 na zina wanafunzi wapatao milioni 3.7, yaani zaidi kidogo ya 7 katika kila wanafunzi 100 wa shule za umma. Hazikuenea sawasawa. Katika jiji la Washington karibu nusu ya watoto wanaosoma kwa fedha za umma wako humo, wakati jimbo la Vermont halina hata moja.

Mtihani unasema nini

Kituo cha utafiti cha CREDO katika Chuo Kikuu cha Stanford kimelinganisha wanafunzi wa pande mbili mara kadhaa. Ripoti yake ya mwaka 2009, iliyogusa majimbo 16, ilikuwa pigo kwa watetezi: ni asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizozipita za kawaida katika hisabati, asilimia 37 zilikuwa nyuma, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Ripoti ya mwaka 2013 ilionyesha nafuu. Ya mwaka 2023 ikaziweka mbele kwa wastani, kwa kiasi ambacho watafiti walikilinganisha na siku 16 za ziada za masomo katika kusoma na 6 katika hisabati kwa mwaka.

Siku 6 za hisabati si jambo la kuvunjia urafiki. Lakini wastani huo umechanganya vitu visivyofanana. Ndani ya ripoti hiyohiyo, wanafunzi wa shule za mkataba zinazofundisha kwa mtandao pekee walikuwa nyuma kwa kiasi cha siku 58 katika kusoma na 124 katika hisabati. Mwaka mzima wa shule una takriban siku 180. Anayezungumzia shule za mkataba kana kwamba ni kitu kimoja anaziweka pamoja shule zinazoinua watoto na shule zinazowapotezea zaidi ya nusu ya mwaka.

Kuna kikwazo kingine. Mzazi anayejaza fomu, anayefuatilia tarehe na anayekubali kumsafirisha mwanawe mbali ni mzazi mwenye bidii, na pengine mtoto wake angefaulu popote. Ukilinganisha aina hizo mbili za shule bila kujali hilo, unapima wazazi. Njia ya kulikwepa ilitoka kwenye sheria zenyewe. Waombaji wakizidi nafasi, shule inatakiwa kupiga kura ya bahati nasibu. Zamani ilifanyika hadharani: wazazi wamejaa ukumbini, namba zinachomolewa moja moja, huyu anaruka kwa furaha na jirani yake anafuta machozi. Kwa mtafiti hilo ni jaribio lililo tayari, kwa kuwa watoto wawili wenye wazazi wenye bidii ileile wametenganishwa na bahati tu.

Wachumi wa MIT na Harvard, Joshua Angrist na Parag Pathak wakiwemo, waliwafuatilia watoto wa Boston walioshinda na walioshindwa kura hizo. Walioshinda walipiga hatua kubwa, hasa hisabati ya shule za kati. Hata wenye mahitaji maalumu waliopata nafasi walinufaika. Kasoro ya njia hii ni kwamba inapima shule zinazogombewa pekee. Shule isiyojaza nafasi zake haina bahati nasibu, kwa hiyo haimo kwenye hesabu.

Watafiti walipotoka nje ya jiji, ndani ya jimbo lilelile na chini ya sheria ileile, picha iligeuka. Shule za mkataba za vitongoji vya Massachusetts hazikuwa na faida iliyoonekana, na nyingine ziliwarudisha watoto nyuma. Sababu mojawapo ni kwamba shule za kawaida za vitongoji hivyo tayari zilikuwa nzuri. Nyingine ni kwamba shule zilizong'ara Boston zilikuwa na namna yao ya kufanya kazi: siku ndefu ya masomo, sare, nidhamu kali, na mafunzo ya ziada kwa vikundi vidogo. Za vitongoji nyingi hazikuifuata.

Je, namna hiyo inahitaji mkataba? Kuanzia mwaka 2010 Roland Fryer wa Harvard aliipeleka katika shule 20 za umma za Houston zilizokuwa zikifanya vibaya. Muda wa masomo uliongezwa, wakuu wa shule wakabadilishwa pamoja na sehemu kubwa ya walimu, na wakufunzi wa hisabati wakawekwa kwa vikundi vidogo. Alama za hisabati zilipanda kwa kiasi kinachokaribia kile cha shule bora za mkataba. Kusoma hakukusogea sana. Basi dawa haikuwa bodi binafsi wala kutokuwepo kwa chama cha walimu. Ilikuwa saa, watu na ufuatiliaji, vitu vinavyoweza kununuliwa kwa fedha za wilaya pia. Watetezi nao wana jibu la haki: bila uhuru wa mikataba, nani angejaribu mambo hayo kwanza?

Asiyeingia na anayeondoka

Shule ya kawaida ya mtaa haina mlango wa kuchagua. Mtoto akihamia Februari akiwa hajui Kiingereza, anapokelewa siku hiyo. Shule nyingi za mkataba hazijazi nafasi za wanaoondoka katikati ya safari, hasa madarasa ya juu, kwa hiyo darasa linapungua na kubaki na wale waliozoea. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliripoti mwaka 2012 kwamba wanafunzi wenye ulemavu walikuwa takriban asilimia 8 katika shule za mkataba na 11 katika za kawaida.

Kuondoka nako kuna namna nyingi. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kwamba katika shule moja ya Brooklyn, ya mtandao wa shule za Success Academy wenye alama za juu sana, palikuwa na orodha ya watoto 16 ambao uongozi ulitaka waondoke. Uongozi wa mtandao ulisema lilikuwa kosa la mkuu wa shule na si sera. Hata ukiuamini, mfumo unaoweka uhai wa shule kwenye alama unaifanya shule imtazame mtoto mgumu kama hasara, na kishawishi hicho kipo hata kwa mwalimu mwenye nia njema.

Fedha humfuata mtoto, paa linabaki

Hapa ndipo kura ya Massachusetts inapoanza kueleweka. Tuchukue shule ya msingi ya wilaya yenye madarasa 20, kila moja watoto 25. Shule ya mkataba inafunguliwa jirani na watoto 20 wanahama, mmoja kutoka kila darasa. Sehemu kubwa ya fedha zao inaondoka nao. Lakini madarasa ni yaleyale 20, na kila moja, likiwa na watoto 24, bado linataka mwalimu. Paa halikupungua, mtambo wa kupasha joto unawaka vilevile, na basi linapita njia ileile. Baada ya miaka michache wilaya inabaki na mambo mawili ya kuchagua: kufunga shule moja, au kupunguza muuguzi, mkutubi na mwalimu wa muziki kwa watoto waliobaki.

Watetezi hujibu kwamba katika majimbo mengi shule zao hupata fedha pungufu kwa kila mtoto, hasa za majengo. Ni kweli. Wanaongeza kwamba tafiti nyingi hazikuona alama za shule jirani zikishuka, na New York zilipanda kidogo. Hilo nalo ni kweli. Lakini mpiga kura wa mji mdogo hakuulizwa kuhusu alama za Boston. Alikuwa akifikiria bajeti ya shule ya mwanawe, ambayo kamati nyingi za shule zilimwambia ingepungua. Familia iliyoshinda bahati nasibu inapata faida kubwa na ya wazi. Hasara inagawanywa kidogo kidogo kwa maelfu ambao hawakuwahi kuomba nafasi.

Anayeshika kalamu ya kufuta

Massachusetts mikataba yote hutolewa na bodi moja ya elimu ya jimbo, yenye sifa ya kukataa maombi dhaifu na kufunga shule zinazoshindwa. Michigan ilichagua njia nyingine: vyuo vikuu, vyuo vya jamii na wilaya vyote viliweza kutoa mikataba, na mtoaji akaruhusiwa kubakiza hadi asilimia 3 ya fedha za serikali zinazokwenda kwa shule hiyo. Mkaguzi anayelipwa kwa idadi ya wanafunzi wa anayemkagua hana haraka ya kufunga. Shule nyingi za jimbo hilo zinaendeshwa na kampuni za biashara. Mjini Detroit, ambako karibu nusu ya watoto wamo katika shule za mkataba, shule zilifunguliwa na kufungwa bila mtu mmoja wa kupanga ipi ikae wapi.

Ohio ndiko somo lilikouma zaidi. Shule ya mtandaoni iitwayo Electronic Classroom of Tomorrow ilikua hadi kuwa miongoni mwa kubwa kuliko zote nchini. Ililipwa kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, na kampuni za mwanzilishi wake ziliiuzia uongozi na programu. Mwaka 2016 wizara ya elimu ya jimbo iliomba kitu rahisi: kumbukumbu za muda ambao kila mtoto aliingia mtandaoni kusoma. Shule ilikuwa imedai malipo ya wanafunzi zaidi ya 15,000. Kumbukumbu zilithibitisha takriban 6,300. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari halikuwa limefunguliwa kwa miaka zaidi ya kumi. Serikali ilidai kurejeshewa dola zipatazo milioni 80, na Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, shule ilifungwa huku watoto wapatao 12,000 wakitafutiwa pa kwenda.

New Orleans inaonyesha mambo yote mawili kwa pamoja: nguvu ya usimamizi na madhara ya kuukosa. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilichukua sehemu kubwa ya shule za jiji na kuzigawa kwa waendeshaji wa mikataba. Walimu na wafanyakazi zaidi ya 7,000, wengi wao weusi wa tabaka la kati, walipoteza kazi. Kufikia mwaka 2014 walimu weusi walikuwa wameshuka kutoka asilimia 71 hadi 49. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wakiongozwa na Douglas Harris waliona alama, kuhitimu sekondari na kuingia chuoni vikipanda kwa kiasi ambacho si kawaida kuonekana katika jiji zima. Sehemu kubwa ya faida hiyo, walieleza, ilitokana na msimamizi aliyethubutu kufuta mikataba ya shule dhaifu na kuwapa wengine. Wakati huohuo matumizi ya utawala yalipanda na ya kufundishia yakashuka.

Na soko lililoachwa lijiendeshe lilishindwa hata hapo. Miaka ya mwanzo mzazi alizunguka shule hadi shule na fomu tofauti, shule zilifukuza wanafunzi kwa taratibu zao, na mwaka 2010 familia za watoto wenye ulemavu zilikwenda mahakamani. Mwaka 2012 jiji likapata fomu moja ya maombi kwa shule nyingi na ofisi moja ya kusikiliza kesi za kufukuzwa. Shule zikarejeshwa chini ya bodi ya jiji iliyochaguliwa, na Agosti 2024 bodi hiyo ikafungua shule yake yenyewe, Leah Chase School. Jiji lililokwenda mbali kuliko yote katika kuvunja ofisi ya wilaya lilijikuta likiijenga tena kipande kwa kipande.

Wazo lavuka bahari

Afrika haikubaki mtazamaji. Mwaka 2016 Liberia ilikabidhi shule 93 za serikali kwa waendeshaji 8, mmoja wao Bridge International Academies, kampuni iliyoanzia Kenya na shule zake binafsi za ada nafuu. Shule ziligawanywa kwa kura ili matokeo yapimike, na mwaka wa kwanza watoto wa shule hizo walijifunza zaidi ya wenzao. Lakini watafiti wakaeleza jinsi faida hiyo ilivyopatikana: zilitumia fedha nyingi zaidi, na Bridge iliwaondoa walimu wengi waliokuwapo, waliohamia shule nyingine, na kupunguza wanafunzi katika madarasa yaliyojaa. Mkataba wenyewe haukuikataza.

Uganda ilijaribu mapema zaidi. Ilipoanzisha sekondari ya bure mwaka 2007, serikali ililipa shule binafsi shilingi 47,000 kwa mwanafunzi kwa muhula ili zipokee watoto wasiopata nafasi katika shule zake. Baada ya takriban miaka kumi ilianza kuufuta mpango huo na kuelekeza fedha katika kujenga shule za serikali.

Nchi zetu zina sababu ya kuvutiwa na wazo hili. Madarasa yamejaa, na mashirika yenye pesa na vipeperushi vizuri yapo mlangoni. Tuliyoyaona Marekani yanatoa masharti ya kuwapa kabla ya kusaini chochote. Anayetoa mkataba asilipwe kwa idadi ya wanafunzi. Mahudhurio yahesabiwe na mtu asiyenufaika nayo. Uandikishaji na ufukuzaji uwe wa ofisi moja ya umma, ili mtoto mgumu asisukumwe kimyakimya. Shule inayopoteza watoto haraka kuliko gharama zake zinavyopungua ilipwe fidia kwa miaka michache. Na tarehe ya kufunga shule iliyoshindwa iandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la shule itakayowapokea watoto wake.

Masharti hayo yote yanadai wakaguzi wengi, wenye usafiri, wanaojua kusoma hesabu za fedha na wanaolindwa dhidi ya simu za wakubwa. Wizara yenye watu hao inaweza kuwatuma kesho katika shule zake yenyewe na kupata sehemu kubwa ya faida iliyopatikana Houston bila kusaini mkataba na yeyote. Wizara isiyo nao itasaini, italipa, na itasubiri miaka kadhaa kujua ni watoto wangapi waliokuwa darasani.